Mtoto Ametapika Usiku Kucha: Namna ya Kumrudishia Maji na Chakula

Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu akianza kutapika, nyumba nzima hutafuta dawa ya kukata matapishi. Nawaelewa wazazi, maana kumwona mtoto akijikunja namna ile kunaumiza. Lakini kutapika kunakoletwa na virusi vya tumbo au chakula kilichoharibika mara nyingi hukoma kwenyewe ndani ya siku moja au mbili. Kinachomdhuru mtoto katika siku hizo ni maji yanayotoka bila kurudishwa, na baada ya hapo njaa, kwa sababu watu wazima wameamua "tumbo lipumzike". Yote mawili yanaweza kushughulikiwa nyumbani, uwe Mwanjelwa, Makambako au kijijini Makete.

Nimeyapanga maelezo haya kwa kufuata malalamiko ambayo wazazi huja nayo. Ruka hadi lalamiko lako, ila sehemu ya kwanza usiiruke.

Kabla ya kumpa chochote: hili ni tumbo kweli?

Kuna kutapika ambako hakutibiwi kwa kikombe na kijiko. Mpeleke mtoto kituo cha afya au hospitali bila kungoja ukiona mojawapo ya haya: anatapika kila kitu, hata kijiko cha maji, hawezi kunywa wala kunyonya, amepata degedege, amelegea, haamki vizuri au hakutambui, matapishi ni ya kijani au yana damu, tumbo limevimba na kukakamaa, choo kina damu, shingo imekaza, au alianguka na kugonga kichwa. Mtoto anayelia kwa vipindi huku amekunja miguu, akatulia na kupauka, kisha akaanza tena, huenda sehemu ya utumbo wake imejiingiza ndani ya nyingine. Huyo anahitaji hospitali yenye upasuaji siku hiyo hiyo.

Kisha jiulize mambo ambayo huku nyanda za juu kusini mwa Tanzania hayakosi kutokea.

La kwanza ni dawa za shambani. Viazi vya Isyonje, Umalila na Njombe hupuliziwa dawa za ukungu na wadudu, na mabaki huishia kwenye chupa ya soda au ya maji pembeni ya nyumba. Mtoto akitapika ghafla huku anatoka mate mengi, anatokwa jasho, mboni za macho zimekuwa ndogo au anapumua kwa shida, fikiria sumu. Usimtapishe. Usimpe maziwa, ingawa majirani watakuambia umpe. Mvue nguo zilizolowa dawa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, mkimbize hospitali na ubebe chupa yenyewe ili waione. Aliyekunywa mafuta ya taa naye asitapishwe, kwa sababu yakipanda na kuingia kwenye mapafu ndipo madhara makubwa yanapotokea.

La pili ni jiko la mkaa chumbani. Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi ya Njombe na Makete huwafanya watu waingize jiko ndani na kufunga madirisha. Kama mtoto anatapika na kusinzia, na mama pia kichwa kinamuuma na ana kichefuchefu, hiyo ni hewa ya mkaa. Toeni wote nje kwenye hewa safi kwanza, kisha muende hospitali.

La tatu ni malaria. Ni kweli baridi ya milimani hupunguza mbu, lakini mtoto aliyekwenda kumsalimia bibi Kyela au Usangu na kurudi ana homa na anatapika lazima apimwe, hata kama nyumbani kwenu hujawahi kusikia mtu ana malaria. Kipimo cha kutoboa kidole huchukua dakika chache tu zahanati.

Angalia na kifua. Mtoto anayetapika kila baada ya kukohoa kwa mfululizo huenda tumbo lake halina shida yoyote. Mhesabu pumzi akiwa ametulia, kwa dakika moja kamili: kuanzia mwaka mmoja, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno, na anahitaji kuchunguzwa kama ana nimonia. Na mtoto anayetapika, anapumua kwa nguvu, lakini bado anakojoa mara nyingi kuliko kawaida, apimwe sukari ya damu. Kisukari huwapata watoto wadogo pia.

Kama hakuna hata kimoja kati ya hivi, endelea.

"Akinywa tu, anarudisha palepale"

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa wingi, na mara nyingi tatizo liko kwenye kasi. Mtoto aliyetapika ana kiu. Ukimpa kikombe atakishika kwa mikono miwili na kukimaliza, na tumbo lililokasirika likipokea ml 150 kwa mara moja litazisukuma zote nje. Mama huona maji yamekataliwa, anaacha kumpa, na hapo ndipo upungufu unapoanza.

Akitapika, subiri dakika 10. Usimpe kitu, mbebe tu, mfute, mbadilishe nguo zilizolowa, maana kwenye baridi yetu mtoto mwenye nguo mbichi hupoa haraka sana. Baada ya hapo anza na kijiko kimoja cha chai cha ORS (unga wa chumvi na sukari wa pakiti unaochanganywa na maji), kama ml 5, kila baada ya dakika mbili au tatu. Mkalishe au mshike kichwa kikiwa juu, asinywe akiwa amelala chali. Kama nusu saa imepita bila kutapika, sogea hadi kijiko kila dakika moja. Saa ya pili au ya tatu anaweza kunywa funda dogo dogo kutoka kwenye kikombe.

Kijiko kinaonekana kidogo, na bibi aliyekaa pembeni anaweza kukuambia unamchezea mtoto. Fanya hesabu mbele yake: kijiko kimoja kila dakika mbili ni ml 150 kwa saa. Kila dakika moja ni ml 300, zaidi ya kikombe kizima, na hakuna kilichorudi. Kazi hii inachosha. Mpangiane zamu, baba achukue saa yake, dada mkubwa achukue yake, kwa kuwa mama aliyekesha atasinzia na kijiko mkononi.

Akitapika tena katikati, usihesabu kwamba kazi imeharibika. Sehemu kubwa ya aliyokunywa huwa imeshapita tumboni. Dakika 10 tena, kisha kijiko tena, taratibu kuliko mwanzo.

Anayenyonya aendelee kunyonya, kwa vipindi vifupi na mara nyingi zaidi. Maziwa ya mama hukaa tumboni vizuri kuliko karibu kila kitu kingine, na kumnyima siku ya kuumwa ni kumwondolea maji na chakula kwa pamoja.

Akishapungukiwa maji kiasi, yaani macho yameingia ndani kidogo, ana kiu kali na anasumbuka, kipimo kinachotumika vituoni ni ml 75 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa 4. Mtoto wa kilo 11 anafikia ml 825. Kiasi hicho ni vizuri apewe zahanati, muuguzi akimwangalia, lakini kama mvua imekata barabara na zahanati iko mbali, anza nyumbani hivyo hivyo huku mnatafuta usafiri. Uzito wa karibuni utauona kwenye kadi yake ya kliniki.

"Nampa ORS lakini kiu inazidi, na kuharisha kumeongezeka"

Chunguza ulivyochanganya kabla hujailaumu dawa.

Pakiti iliyozoeleka nchini ni ya lita moja ya maji, yote kwa pamoja. Zipo pakiti ndogo za ml 200 au 500 pia, kwa hiyo soma maandishi. Kosa linalojirudia ni kumwaga nusu pakiti kwenye kikombe kimoja ili "iwe na nguvu". ORS iliyokolea hivyo huvuta maji kutoka mwilini kuingia kwenye utumbo, mtoto anaharisha zaidi, na chumvi inapanda kwenye damu. Iliyozimuliwa kupita kiasi nayo haimpi chumvi inayomtoka. Tumia chupa ya maji iliyoandikwa lita 1, au mbili za ml 500. Onja: isizidi chumvi ya machozi.

Maji yachemshwe, yapoe, ndipo uweke unga wa ORS. Usichemshe baada ya kuchanganya. Huku kwetu kuna jambo dogo la kujua. Mji wa Mbeya uko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji huchemka kwenye nyuzi 94 badala ya 100. Njombe, iliyo juu zaidi ya Mbeya, yanachemka chini ya hapo kidogo. Ndiyo maana maharage yetu hayaivi upesi. Kwa maji ya mtoto, yakishaanza kutokota usiepue palepale, yaache dakika 3, kisha yafunike yapoe kwenye sufuria hiyo hiyo.

Mchanganyiko ukae na mfuniko, na ukifika saa 24 umwagwe, hata kama umebaki nusu. Usiongeze sukari, maziwa wala soda ndani yake.

Ikiwa hakuna pakiti na duka limefungwa: vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye lita moja ya maji safi. Vijiko vyote visawazishwe juu kwa mgongo wa kisu, visirundikwe. Chumvi ikizidi hapa ni hatari kweli, kwa hiyo apime mtu mmoja tu, na mwenzake asimame karibu amwangalie. Asubuhi tafuta pakiti, kwa sababu mchanganyiko wa nyumbani hauna potasiamu, madini yanayopotea mtoto akiharisha.

"ORS hataki hata kuiona"

Mtoto asiyepungukiwa maji mara nyingi huona ladha yake mbaya, aliyepungukiwa hunywa kwa pupa. Kwa hiyo anayeikataa huku anacheza na kukojoa usimshindilie. Mpe vitu vingine vya majimaji: maziwa ya mama, maji ya wali yenye chumvi kidogo sana, uji mwepesi, supu isiyo na mafuta, maji safi. Kwa kila choo cha maji, chini ya miaka miwili mlenge ml 50 hadi 100, na aliyepita miaka miwili ml 100 hadi 200.

Anayeikataa na bado dalili za ukavu zipo, jaribu bomba la sindano lisilo na sindano. Weka ncha ndani ya shavu, sukuma taratibu. Wengine huipokea ikiwa ya baridi kidogo. Wengine hunywa wakiona kaka yao anajifanya kunywa kutoka kikombe hicho.

Soda, juisi za paketi, na glukosi ya unga iliyokorogwa peke yake ziache. Sukari ni nyingi, chumvi hakuna, na kuharisha huongezeka. Wazazi wengi wananunua glukosi kwa nia njema kabisa, wakijua inaleta nguvu, na wanaacha pakiti ya ORS iliyo kwenye rafu ile ile ya duka la dawa muhimu. Chai ya rangi, iwe ya Mufindi au ya Rungwe, si ya mtoto huyu.

"Sijui kama maji yamepungua"

Tazama mkojo. Mtoto asiyekojoa kwa saa 8, au mkojo wake mchache una rangi ya chai, amepungukiwa. Pampasi hudanganya kwa njia mbili: hunyonya mkojo kidogo usiuone, na choo cha maji hujichanganya na mkojo usijue kipi ni kipi. Siku hizi mbili mvalishe nepi ya kitambaa, au weka pamba safi kwa mbele.

Kisha macho, yameingia ndani? Analia bila machozi? Ulimi mkavu? Bana ngozi ya tumbo kati ya kitovu na ubavu, iachie: inarudi palepale, au inabaki imesimama? Ikichukua zaidi ya sekunde mbili kurudi, hali ni mbaya, ondokeni. Vueni makoti na mablanketi kabla ya kumpima, kwenye mwanga. Mtoto aliyefungwa vitenge viwili na kofia ya sufu anaonekana "amelala tu" wakati amelegea.

Kubana ngozi hakuaminiki kwa mtoto aliyekonda sana, ngozi yake hubaki imesimama hata akiwa na maji. Na mtoto mwenye utapiamlo mkali au miguu iliyovimba asianzishiwe ORS nyingi kwa haraka nyumbani, kwa sababu moyo wake unaweza kuzidiwa. Huyo mpeleke kituo cha afya, njiani aendelee kunyonya na kupewa kijiko kimoja kimoja.

"Ameacha kutapika, anaharisha"

Ni mwendo wa kawaida wa virusi vya tumbo: kutapika hutangulia, kuharisha hufuata na kunaweza kuchukua siku kadhaa, mara nyingine hadi wiki. ORS iendelee kwa kila choo.

Hapa ndipo zinki inapoingia. Kwa mtoto wa miezi 6 na zaidi ni mg 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, na imalizwe hata choo kikishakaza. Hupunguza muda wa kuharisha na kumkinga asirudi kuumwa katika miezi inayofuata. Kidonge huyeyushwa kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama. Kama zinki yenyewe inamtapisha, mpe baada ya kula, siyo akiwa na njaa; akiitapika ndani ya nusu saa, rudia.

Choo kinachomwagika kama maji yaliyooshea mchele, kingi, bila kukoma, hasa kama Kyela au Mbarali kuna tetesi za kipindupindu, usikitibu nyumbani. Mtoto anaweza kukauka kwa saa chache. ORS njiani, kituo haraka.

"Hataki kula. Au anakula vijiko viwili anageuza uso"

Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu mkoa wenye chakula kingi unaweza kuwa na watoto waliodumaa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani Iringa wamedumaa, wakati wastani wa nchi ni karibu 30%. Njombe nayo ilikuwa karibu nusu. Sababu ni nyingi, na mojawapo ni hizi siku za kuumwa: mtoto anatapika Jumatatu, analishwa uji wa maji hadi Ijumaa, na kabla uzito haujarudi anaumwa tena.

Kwa hiyo usingoje choo kikaze. Baada ya saa 4 hivi za kurudisha maji, kutapika kukiwa kumepoa, mpe chakula. Ale vijiko viwili au vitatu kila saa moja na nusu au mbili mchana kutwa, na ukimwekea bakuli la kawaida usidai alimalize. Siku ya pili ongeza kiasi. Siku ya tatu wengi hudai wenyewe.

Kipi? Vilaini, alivyovizoea, vilivyopikwa muda huo. Viazi mviringo vilivyopondwa na chumvi kidogo. Wali laini. Ndizi za Tukuyu, mbivu au zilizochemshwa na kupondwa. Ndizi na viazi hurudisha potasiamu aliyopoteza. Yai lililoiva kabisa. Parachichi ni zuri mno kwa kurudisha uzito, lakini lina mafuta, hivyo lianze siku ya pili kwa kijiko kimoja, ukiona limekaa uongeze. Usipa, yaani dagaa wa Ziwa Nyasa, waliokaangwa bila mafuta na kusagwa hadi unga wawekwe kwenye uji kuanzia siku ya pili au ya tatu. Kande, maharage yenye maganda, chipsi na maandazi vingoje wiki ipite.

Uji ndio msingi, na uji ndio unaokosewa. Uji mwepesi hujaza tumbo dogo kwa maji. Mzito humshinda mtoto dhaifu kumeza. Wazee wetu wana jibu, nalo ni kimea. Chukua ulezi uliooteshwa, ukaushwe, usagwe. Pika uji mzito wa ulezi au dona, uepue, upoe kidogo hadi uweze kuuonja, kisha koroga kijiko kimoja cha unga wa kimea. Ndani ya dakika chache unalainika na kuteleza bila kuongeza hata tone la maji, kwa kuwa kimea huvunja wanga. Urudishe motoni uchemke tena, maana unga wa kimea ni mbichi na ulezi uliooteshwa kwenye unyevu hubeba vijidudu. Mradi wa lishe wa Iringa wa miaka ya 1980, uliosaidiwa na WHO na UNICEF, ulifanyika katika vijiji vyetu hivi hivi, na maarifa ya kimea ni ya kuendelezwa.

Togwa ya siku hiyo hiyo, iliyotokana na uji ulioiva na kimea, ni rafiki wa tumbo linalopona. Uchachu wake huwazuia vijidudu wengi. Lakini ile iliyokaa hadi ikaanza kupanda povu si ya mtoto, na ulanzi, pombe ya mianzi, usikaribie kabisa mdomo wake.

Unga wa lishe wenye mchanganyiko wa nafaka saba, soya na karanga uwekeni kando kwa siku tatu nne. Soya isiyokaangwa vizuri hujaza gesi na kumrudisha mtoto kwenye maumivu, na ukichanganya vitu vingi huwezi kujua kilichomsumbua.

Usimlazimishe kwa kumziba pua. Mtoto anayemiminiwa uji huku analia anaweza kuuvuta kwenye mapafu, na atauogopa uji kwa wiki kadhaa.

"Akinywa maziwa ya ng'ombe, tumbo linanguruma na anaharisha maji"

Ukuta wa utumbo uliojeruhiwa na virusi hushindwa kwa muda kusaga sukari ya maziwa. Utaona choo cha maji chenye harufu ya uchachu, gesi, na makalio mekundu. Punguza maziwa ya ng'ombe kwa siku chache, mpe mtindi kidogo kidogo, maana sukari hiyo imeshapungua ndani yake. Baada ya wiki moja hivi rudisha maziwa polepole. Maziwa ya mama hayahusiki na katazo hili. Na maziwa mabichi ya jirani, hata kama ng'ombe wake unamfahamu kwa jina, yachemshwe.

"Bibi anasema ni meno"

Kuota meno hakumtapishi mtoto siku nzima. Lakini kwa imani hiyo watoto wanapelekwa kung'olewa "meno ya plastiki", yaani kukwanguliwa fizi ili kutoa chonge changa lililo chini. Kinachotolewa ni jino lake halisi linalojengeka, na kinachobaki ni kidonda, damu inayotoka, na vijidudu vinavyoweza kuingia mwilini. Kukata kimeo nako ni hivyo hivyo. Mtoto aliyekuwa akihitaji maji sasa hawezi hata kumeza.

Wapo pia wanaoambiwa mtoto amebemendwa, yaani ameugua kwa sababu mama alikutana na mwanamume akiwa bado ananyonyesha, na mama anaachishwa kunyonyesha kwa aibu. Mama mwenzangu, usikubali. Kwa bibi usiende na ubishi. Mwombe akae akushikie kikombe, mwonyeshe mkojo ulivyorudi. Bibi aliyeona mtoto amechangamka kwa kijiko ndiye atakayewafundisha wengine kijijini.

"Duka la dawa wamenipa ya kuzuia kutapika"

Promethazine haipaswi kupewa mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa sababu inaweza kumzuia kupumua. Dawa za kufunga choo za watu wazima, kama loperamide, si za watoto. Metronidazole na viuavijasumu vingine haviui virusi, na metronidazole yenyewe huleta kichefuchefu. Kuna dawa ya kutapika ambayo daktari anaweza kumpa mtoto kwa dozi moja akiona inafaa, lakini iamuliwe na aliyemchunguza.

"Alikuwa amepona, siku ya nne kutapika kumerudi"

Nenda jikoni. Mara nyingi jibu liko kwenye chupa ya chai yenye uji uliopikwa alfajiri na kunywewa hadi jioni. Chupa ile haiuwekei uji moto wa kuua vijidudu, inauweka vuguvugu, na vuguvugu ndiko vinakozaliana. Pika kidogo mara nyingi, au kilichobaki kichemshwe upya hadi kitokote. Chuchu na chupa za kunyonyeshea ni ngumu kusafisha. Kikombe kilicho wazi huoshwa kwa dakika moja.

Angalia mikono ya anayemlisha, kama ndiyo iliyobadilisha nepi. Angalia kadi: chanjo ya rota, ambayo Tanzania ilianza kuitoa 2013, hutolewa kwa matone akiwa na wiki 6 na wiki 10. Mkubwa aliyeikosa, mwulize muuguzi kama bado anaweza kupewa, lakini mdogo wake asiikose.

Kama jikoni hakuna kosa na anatapika tena, hasa kwa homa, arudi zahanati apimwe malaria na mkojo. Maambukizi ya njia ya mkojo hujificha nyuma ya kutapika, kwa wasichana zaidi.

Wiki mbili baada ya hapo

Mwongezee mlo mmoja kwa siku, juu ya ile aliyozoea, kwa wiki mbili kamili. Kijiko cha mafuta ya alizeti au karanga zilizosagwa kwenye uji wake, nusu parachichi jioni, yai kila inapowezekana. Kisha mpeleke kliniki akapimwe uzito hata kama siku yake haijafika, na mwombe muuguzi akuonyeshe nukta mpya kwenye kadi: imerudi ilipokuwa kabla hajaumwa, au bado iko chini. Ikiwa bado iko chini, mlo wa ziada uendelee, na umwulize kuhusu lishe palepale kabla hujaondoka.